KUTU SI DENI LA FUNDI



Yako maneno matatu ambayo kila fundi wa magari kutoka Ruiru mpaka Thika ameyasikia kwa tajiri wake: "Fundi mzuri havunji." Husemwa mwisho wa mwezi, wakati fundi amekwisha kuhesabu mshahara wake na kuona haukutimia. Anauliza. Anajibiwa kwamba ile paipu ya breki iliyokatika katika gari la fulani imetolewa katika pesa zake. Akibisha anatupiwa maneno hayo matatu, na anakumbushwa kwamba vijana wanaotafuta kazi wamejaa barabarani.

Sisi twasema maneno hayo ni ya uongo, tena ni uongo unaoweza kuua watu. Twataka kueleza sababu zetu kwa urefu kidogo, maana jambo lenyewe ni la chini ya gari, na matajiri wengi hawajalala chini ya gari tangu walipoanza kuvaa viatu vyeupe.

Kwanza tueleze lililotokea. Katika gereji moja ya hapa Mugutha, ambayo hatuitaji kwa jina kwa sababu shauri lake lingali mikononi mwa tawi letu, aliletwa motokaa mdogo wa Kijapani. Mwenye gari alikuwa amenunua diski kubwa za mbele na kalipa zake, zote zimetolewa katika gari kubwa zaidi, akataka zifungwe badala ya zile ndogo. Hatumlaumu. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka wa 2012 watu wanakimbia kuliko zamani, na gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa lina nguvu ya mwendo karibu mara mbili ya lile lile likienda 80. Mtu akitaka breki za kumsimamisha, ana akili. Alilipa pesa nyingi kwa vipuri, akapatana na tajiri bei ya kazi, akaambiwa arudi saa kumi.

Kazi hiyo alipewa kijana ambaye ni mwanachama wetu. Kufunga kalipa si taabu. Taabu ni kwamba kalipa mpya ilikuja na mpira wake wa breki, na ili mpira wa zamani utoke ni lazima ifunguliwe ile nati ndogo inayounganisha mpira na paipu ya chuma, pale kwenye kipande cha bati kilichoshikamana na bodi. Nati ile ilikuwa imeshika. Kijana akaiambia spana, spana ikateleza. Akamwendea nyapara akasema, "Mzee, nati hii haifunguki, paipu itakatika." Nyapara akamjibu, "Kaza mkono. Mwenyewe anakuja saa kumi."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kijana huyu mwezi uliotangulia alikuwa amekatwa mshahara wa siku mbili kwa paipu nyingine iliyokatika namna hii hii. Basi safari hii alipokaza mkono, nati ikageuka, na paipu ikageuka pamoja nayo, ikasokotwa kama kamba ya mkonge. Haikukatika. Alifanya nini? Aliinyosha kwa plaisi, akaipaka matope kidogo pale ilipopinda, akafunga mpira mpya, akatoa hewa, akarudisha gurudumu. Hakumwambia mtu. Saa kumi mwenye gari akaja, akazitazama diski zake zikimeta, akafurahi, akaenda zake.

Siku ya tatu gari likarudi. Mafuta ya breki yalikuwa yametiririka ndani ya gurudumu la mbele na kanyagio lilikuwa linakwenda chini mpaka karibu na bodi. Ilikuwa bahati tu. Gari lile lina njia mbili za breki, moja ikipoteza mafuta nyingine hubaki kidogo, na dereva alikuwa katika msongamano, mwendo wa kutembea. Kama angekuwa katika mwendo wa 110 na watoto kwenye kiti cha nyuma, gazeti letu leo lingekuwa na habari nyingine. Kijana akafukuzwa siku hiyo hiyo. Tajiri akasimama mbele ya mafundi wote akasema tena kwamba fundi mzuri havunji.

Twauliza: ni nani aliyemfundisha kijana kuificha paipu ile? Alifundishwa na ule mshahara wa siku mbili. Kama mwezi uliopita alipokatiwa paipu angeambiwa, "Vema umesema, chukua paipu mpya," basi na safari hii angesema. Alijifunza kwamba anayesema analipa. Hilo ndilo somo linalotolewa kila mwisho wa mwezi katika gereji nyingi za pande hizi, na wanafunzi wake ni hodari sana.

Matajiri watasema, "Lakini mbona fundi fulani havunji?" Basi na tumwalike tajiri alale chini ya gari pamoja nasi, juu ya gunia, aone kwa macho yake.

Paipu ya breki ya gari dogo ni kitu chembamba, unene wake wa nje milimita 4.75, na chuma chenyewe ukutani hakifiki hata milimita moja. Ndani yake hupita mafuta ambayo dereva akikanyaga kwa nguvu husukumwa kwa paundi elfu moja na zaidi kwa kila inchi mraba. Tajiri anajua gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa paundi thelathini hivi. Basi na alinganishe mwenyewe. Nati imevaa paipu kama pete inavyovaa kidole. Paipu inatakiwa kutulia, nati izunguke juu yake. Lakini kutu huingia mahali pawili. Huingia katika meno ya nati, na huingia katika ile nafasi ndogo kati ya nati na paipu, ikazifanya kitu kimoja. Ukiweza kuyashinda meno, bado paipu imeshikwa, nayo huzunguka na nati mpaka ichanike. Hakuna mkono mzuri wala mbaya hapo. Kutu haijui cheti cha fundi.

Na kutu hiyo imetoka wapi? Magari mengi tunayotengeneza ni ya mitumba kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini miaka minane ni mingi kwa chuma kilichopita katika chumvi. Kule kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililoishi huko huja limeng'aa juu, na chini limeliwa. Yako na magari yaliyokaa Mombasa karibu na bahari. Yakifika kwetu yanakutana na matope meusi ya Juja, na yale magari ya kuchukua mawe huko Ndarugo hayaoshwi chini hata siku moja. Kisha mafuta ya breki nayo hunywa maji kutoka hewani. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye 140. Yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Ni wenye magari wangapi wanaobadilisha? Maji yale yale huozesha vyuma kutoka ndani. Basi fundi anapofika pale na spana yake, kutu ile ina umri wa miaka kumi na tano au ishirini. Fundi ana dakika tano nayo. Anayelipa ni wa dakika tano!

Tuseme na habari ya spana. Katika magari mengi ya Kijapani nati ya paipu ni ya spana namba 10. Spana ya mdomo wazi huishika nati pande mbili tu. Nati hiyo ni laini, na kona zake zikisha kulika imekuwa duara, hata malaika hataifungua kwa spana. Iko spana iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa: ni kama ya ringi, lakini imekatwa pengo dogo ili paipu ipite, nayo hukumbatia nati karibu pande zote. Kila kitabu cha matengenezo kinaitaja. Twaulizana sisi kwa sisi: katika gereji zetu ni ngapi zenye spana hiyo? Wanachama wetu wengi hawajapata kuishika. Tajiri ananunua mashine ya kuosha magari, ananunua kiyoyozi cha ofisi, anapaka ukuta rangi mpya, na spana ya paipu anasema ni anasa. Halafu nati ikilika kona fundi hakuwa mzuri.

Sisi wazee wa kazi twajua jinsi ya kuibembeleza nati iliyoshika. Inasuguliwa kwanza kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Inamwagiwa mafuta ya kulegeza kutu, inaachwa. Si dakika mbili. Inaachwa tangu jioni mpaka asubuhi ikiwezekana, na asubuhi inamwagiwa tena. Inagongwa kidogo kidogo kwa nyundo nyepesi, kitu kizito kikishikilia upande wa pili, ili kutu ipasuke ndani. Kichwa cha mpira hushikwa kwa spana ya pili kisigeuke. Kisha nati inakazwa kwanza, kidogo sana, kabla ya kufunguliwa, maana mara nyingi kutu huvunjika ikisukumwa upande isioutazamia. Ikianza kusogea inarudishwa, inapelekwa, inarudishwa, huku mafuta yakiingia, na jicho la fundi haliko kwenye nati, liko kwenye paipu. Paipu ikianza kugeuka, simama. Hapo mwisho wa kubembeleza umefika. Kata paipu kwa msumeno karibu na nati, ingiza soketi ya pembe sita juu yake, nati itatoka kwa heshima. Paipu imekwisha, ndiyo; imekufa tangu ilipokuwa Japani. Funga mpya.

Hesabuni muda wa kazi hiyo. Ni usiku mmoja wa kungoja na pengine saa mbili za mikono. Sasa hesabuni muda aliopewa kijana: mpaka saa kumi. Gereji nyingi hulipa kwa kichwa cha gari, na kwa bei hiyo kungoja usiku hakuna malipo, kubembeleza hakuna malipo; malipo yako kwenye kukaza mkono tu. Tajiri amenunua haraka, amepata haraka. Kwa nini analalamika kwamba bidhaa aliyoinunua ina kasoro?

Na moto je? Wako wanaokimbilia moto wa gesi, na moto kweli hufungua nati nyingi. Lakini twawaonya wenzetu, na hapa hatuzungumzi na tajiri, twazungumza na ninyi. Mafuta ya breki yakidondokea chuma chekundu hushika moto. Mpira wa breki wenye mafuta ndani ukichomwa waweza kupasuka na kukurushia mafuta ya moto usoni. Tena ziko dawa za kusafishia breki zenye klorini ndani. Ukizipuliza halafu ukaleta moto, hutoka fosijini, ile gesi ya sumu iliyotumiwa katika vita vya 1914 mpaka 1918. Haionekani, na waweza kuivuta ukadhani ni moshi wa kawaida, ukazidiwa usiku nyumbani. Kama ni lazima kutumia moto, mafuta yatolewe kwanza, paipu ikatwe, pasafishwe na pakauke, mlango uwe wazi, na pawe na mtu wa pili. Tajiri anayemwambia kijana "leta gesi" kisha anaondoka kwenda kupiga simu, anacheza na maisha ya mtu asiyemzaa.

Tusijifiche sisi wenyewe. Katika mafundi wetu wamo wanaosema maneno yale yale ya tajiri kwa wanafunzi wao. Mtoto akisema nati imeshika, anatukanwa. Akivunja, anachekwa mwezi mzima. Tumeona paipu zilizochomelewa kwa shaba. Tumeona paipu ya gurudumu moja imekunjwa na kugongwa kwa nyundo ili izibwe, gari likatolewa na breki tatu, na aliyefanya hivyo akajisifu kwamba ameokoa siku. Ameokoa siku ya nani? Mambo haya yanafanywa na mikono yetu, na hatuwezi kumwendea tajiri na madai yetu huku tumeficha paipu zilizopondwa nyuma ya migongo. Mwanachama anayeziba paipu kwa nyundo hatetewi na tawi hili. Tumekwisha kupatana juu ya hilo, na aliyekuwapo mkutanoni akumbuke alinyoosha mkono.

Lakini kosa la fundi aliyeficha na kosa la tajiri aliyemfanya afiche hayana uzito mmoja. Fundi anaficha kwa sababu ana kodi ya chumba na karo. Tajiri anakata kwa sababu paipu ya breki, pamoja na nati zake mbili, ni gharama ambayo hakutaka kumwambia mwenye gari. Hiyo ndiyo siri yote. Alipopatana bei hakuchungulia chini ya gari. Aliogopa kusema, "Bwana, paipu zako zimeoza, ongeza pesa," asije mteja akahamia gereji ya jirani. Basi tofauti ile lazima itoke mahali, na mfuko ulio karibu zaidi ni wa fundi. Mwenye gari amelipa diski kubwa za kupendeza, na fundi amemlipia paipu. Yaani katika gari lile, mchango wa fundi ni mkubwa kuliko anavyojua hata mwenyewe!

Wako watakaosema kwamba sheria inamruhusu tajiri kukata. Tumeisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, mali iliyo mikononi mwake kwa halali, ikiwa hasara hiyo imeletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Someni tena neno hilo: makusudi. Kijana aliyekwenda kwa nyapara na kusema paipu itakatika, akaambiwa akaze mkono, je, makusudi yalikuwa ya nani? Na iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo wa 2007, ambayo yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa. Kijana alifanya hivyo. Alitimiza sheria kwa mdomo wake, na nyapara akaivunja kwa mdomo wake pia, na mshahara ukakatwa wa kijana.

Katika kaunti hii kukatwa mshahara si habari mpya. Mashamba ya kahawa na mkonge ya Ruiru, Juja na Thika yamejengwa juu ya mishahara midogo iliyozidi kupunguzwa. Mwaka wa 1921 walowezi walipotaka kuondoa theluthi ya mshahara wa Mwafrika, Harry Thuku, mtu wa Kambui hapa Kiambu, aliinua sauti, na alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi wakidai aachiliwe. Tajiri wa gereji wa leo pengine ni mjukuu wa mtu aliyekuwa katika umati ule. Twamwomba amkumbuke babu yake kabla ya kushika kalamu ya kukata.

Twajua pia kwamba wengi wenu hamna tajiri. Mko kando ya barabara, chini ya mti, na jeki moja na sanduku la spana. Kwenu anayesema "umevunja, lipa" ni mwenye gari mwenyewe, naye anasema akiwa amesimama juu yenu na majirani wanasikiliza. Ninyi hamna nyapara wa kumlaumu wala mshahara wa kukatwa, lakini hasara ni ile ile. Tumeona fundi mmoja wa Mugutha aliyepata njia, nasi twaisifu. Kabla hajagusa nati yoyote ya breki humwita mwenye gari, humwinamisha, humwonyesha kutu kwa kidole, na huchora alama ya chaki kwenye kila nati iliyoshika. Humwambia, "Hizi tatu huenda zikafunguka, huenda zisifunguke. Zisipofunguka paipu ni yako, kazi ni yangu." Bei ya paipu hutajwa hapo hapo. Wako wanaokasirika na kuondoka. Fundi yule anasema walioondoka wengi wao wamerudi, na mmoja alirudi akivutwa kwa kamba.

Kwa hiyo madai yetu kwa matajiri wa gereji za Ruiru, Mugutha, Juja na Thika ni haya, nayo si makubwa. Kila gereji inayotengeneza breki iwe na spana za paipu, namba 10 na namba 11 kwa uchache, nazo ziwe za gereji, fundi asiambiwe anunue zake. Pawe na paipu mpya kwenye rafu, na chombo cha kupanua midomo yake sawasawa, kwa maana mdomo wa gari la Kijapani si sawa na wa gari nyingi za Ulaya, na paipu iliyopanuliwa vibaya huvuja. Gari linaloletwa kubadilishwa breki lilazwe usiku mmoja likiwa limemwagiwa mafuta, na saa za kubembeleza nati zilipwe kama saa za kazi nyingine. Bei ya paipu iandikwe katika hesabu ya mwenye gari tangu mwanzo, irudishwe kwake kama haikutumika. Na fundi anayesema "imesokotwa" asikatwe hata senti.

Tajiri mmoja tuliyempelekea madai haya alituuliza: fundi asipokatwa, atajali vipi vyombo? Tulimjibu kwa swali. Kijana yule aliyefukuzwa alikuwa anajali sana. Alijali hata akapaka matope juu ya paipu ili isionekane. Je, tajiri anataka kujali kwa namna hiyo, au anataka kuambiwa? Alinyamaza, kisha akasema atafikiri. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Twamngojea, lakini wanachama wajue kwamba shauri la yule kijana halingoji kufikiri kwa tajiri. Katibu anakwenda nalo kwa Afisa wa Kazi, pamoja na hesabu ya siku zile mbili alizokatwa mwanzo.

Kila mwanachama aliyekatwa pesa kwa ajili ya paipu, nati, au mpira wa breki katika mwaka huu alete karatasi yake ya mshahara kwa katibu wa tawi. Asiye na karatasi alete shahidi. Na kama kile kipande kilichokatika bado mnacho, kileteni pia, msikitupe. Paipu ya yule kijana iko hapa, imesokotwa mara mbili na nusu, matope bado yako juu yake. Tumeitundika kwenye msumari kando ya mlango, na nyapara yeyote anakaribishwa kuja kuigeuza kwa mkono wake aone kama itarudi.